Bi harusi, orodha ya simu yako iko kwa nani?



Msimu wa harusi ukianza, maswali tunayoletewa huwa ni ya hina, udi, vikuku na namna ya kukaa na mawifi. Safari hii yametufikia mawili ambayo hayana hata harufu ya udi. Yote mawili yametoka Karatu, kwa mabinti wa Unguja waliofika huko kwa sababu ya ndoa, na yote mawili yanahusu simu. Si meseji za siri, si picha. Ni orodha ya programu, yaani yale yote uliyoyapakua ukayaweka simuni mwako, kuanzia Msahafu mpaka benki.

Tumebishana wenyewe kwa wenyewe kwa siku kadhaa, na hata sasa hatujakubaliana kila kitu. Lakini hili tumekubaliana: bi harusi asivuke bahari kabla ya kuhakikisha kwamba orodha hiyo imehifadhiwa, na imehifadhiwa kwenye akaunti yake mwenyewe, ambayo neno lake la siri analijua yeye. Si akaunti ya fundi, si ya kaka, wala si ya mume.

Mtasema, simu tena? Bi harusi ana mangapi ya kufunzwa hata tufike kwenye simu? Subirini tuwahadithie. Wahusika wametupa ruhusa, na tumeondoa yale ambayo yangewatambulisha.

Kwa wasioijua, Karatu ni mji ulio njiani baina ya Arusha na Ngorongoro. Unatoka Arusha, unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na ukishafika juu unakuta udongo mwekundu, mashamba ya kahawa na ngano, na baridi ambayo koti la kuazima halitoshi. Wenyeji wengi ni Wairaqw, na Waislamu wapo, misikiti ipo. Ukiendelea mbele kidogo unafika geti la Loduare, na hapo ndipo hifadhi ya Ngorongoro inapoanza. Siku hizi maharusi wetu wengi wanakwenda fungate huko. Watu wa bara wanakuja kwetu Nungwi na Paje kutafuta joto na bahari, sisi tunakwenda kwao kutafuta baridi na simba. Kila mtu na hamu yake.

Bi harusi wetu wa kwanza alikwenda huko wiki ile ile ya harusi. Asubuhi wakawa wanateremka bondeni kwa njia ya Seneto, paa la gari limefunguliwa, yeye amesimama anapiga picha. Kutoka ukingoni mpaka chini ni kiasi cha mita 600, na ukingo wenyewe uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi vidole vya mtu wa Unguja vinakuwa si vyake. Simu ikamponyoka. Ikagonga ubavu wa gari, ikaanguka njiani, na gari lililokuwa nyuma yao likaipanda. Kule hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Dereva wa lile gari la nyuma ndiye aliyefungua mlango akaiokota, akawafikishia chini. Kioo kilikuwa unga. Kadi ya laini ilitoka nzima, alhamdulillah.

Mume akasema kama wanavyosema waume wapya: usilie, simu ni kitu, tutanunua nyingine Karatu. Na kweli jioni ile walinunua. Muuza duka akaiwasha, akamuuliza kwa adabu, “Dada, akaunti yako ya Google ni ipi?”

Hakuijua.

Simu yake ya kwanza alinunuliwa na kaka yake miaka minne nyuma. Kijana wa duka la simu hapa mjini ndiye aliyeiwasha, akatengeneza akaunti kwa jina alilolibuni mwenyewe, akaweka neno la siri analolijua mwenyewe, na namba ya kurejeshea akaunti akaweka yake. Kisha akampa dada simu ikiwa tayari inafanya kazi. Yeye akaitumia miaka yote hiyo bila kuulizwa tena. Jioni ile ya Karatu kaka alitumwa hapa mjini kumtafuta yule kijana. Ameshahama, namba haipatikani.

Tukisema ukweli, wangapi kati yetu simu zetu ziliwashwa hivyo hivyo? Tulipoulizana humu ndani, wawili walinyamaza.

Basi mume, kwa nia njema kabisa, akaingiza akaunti yake yeye. Simu ikachangamka. Kufikia Isha ilikuwa imejaa: namba za wateja wake, programu zake za mpira, ramani za njia zake, na picha za kwanza alizopiga bi harusi kesho yake zikawa zinakwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya bwana. Alituandikia hivi: “Nilijihisi kama nimevaa kanzu ya mume wangu. Inanisitiri, lakini si yangu, na kila mfuko nikitia mkono nakuta vitu vyake.”

Hayo tungeweza kucheka nayo. Yasiyochekesha ni yale aliyoyapoteza.

Pesa hazikupotea, na hili tulitie mkazo kwa sababu wengi huingiwa na hofu. Pesa za kwenye mitandao ya simu hazikai ndani ya programu wala ndani ya simu. Zimefungwa na laini yako na namba yako ya siri, na ukiwa na laini unazipata hata kwa simu ya tochi. Lakini kalenda yake ya hedhi ilikwenda, na ndani ya kalenda ile ndimo alimoandika siku anazodaiwa za Ramadhani. Sasa anakadiria. Sauti za bibi yake, ambaye ni marehemu, zilizokuwa WhatsApp, zimekwenda. Laini ilipotiwa kwenye simu mpya, magrupu yalirudi kwa sababu namba ni ile ile. Maneno yaliyopita hayakurudi, kwa sababu kwenye simu za Android nakala ya WhatsApp huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google, na ile akaunti haina mwenyewe.

Na kikoba. Dada huyu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha wanawake 16 wa mtaani kwao. Hesabu zote alikuwa akiziandika kwenye programu moja ndogo nzuri, ambayo shoga yake alimrushia kwa Xender ili asile bando. Programu iliyoingia hivyo, haikupitia Play Store, haimo kwenye orodha ya Google. Kwa hiyo hata angeliijua akaunti yake, hata kila kitu kingine kingerudi, ile isingerudi. Wanawake 16, na fungate haijesha.

Walianza kuzitafuta hesabu upya. Kila mwanachama alifungua meseji zake za kutuma pesa, akasoma tarehe na kiasi, mmoja akawa anaandika. Wiki mbili. Wanachama wawili walikuwa wakilipa mkononi, na hapo ndipo maneno yalipoanza, maana mkono hauna meseji. Mwishowe bi harusi alitoa tofauti ya shilingi 60,000 katika mahari yake, ili asibaki na doa. Hakuiba hata senti. Aliamini simu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Hatusemi kuna aya ya simu. Tunasema sisi ni umma uliofunzwa kuandika, na mashahidi wakawekwa, tena kwa jambo ambalo watu wangeweza kusema “tunaaminiana”. Amana ya watu 16 haitakiwi kukaa mahali pamoja ambapo gari likipita juu yake inakuwa unga.

Sasa tueleze kidogo jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa sababu tumegundua wengi wanaelewa kinyume. Unapowasha uhifadhi wa nakala kwenye simu ya Android, Google haichukui programu zenyewe ikaziweka. Inachukua orodha ya majina, pamoja na mipangilio ya simu, meseji, kumbukumbu za simu ulizopiga, na data ya baadhi ya programu kwa kiasi kidogo, megabaiti 25 kwa kila programu. Ukirejesha kwenye simu mpya, ile orodha ndiyo inayosomwa, halafu kila programu inapakuliwa upya kutoka Play Store. Ndiyo maana bando linakwisha! Orodha ni nyepesi kama karatasi ya kwenda sokoni, mzigo ni mzito. Kwa hiyo usijaribu kurejesha ukiwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro na bando la siku. Subiri urudi Karatu mahali penye waifai. Na programu za benki zitakutaka ujitambulishe upya hata kama zimerudi, na hilo ni jema.

Nafasi nzuri ya kurejesha ni pale simu mpya inapowashwa mara ya kwanza, inapokuuliza kama unataka kuleta vitu vya simu ya zamani. Hapo ndipo vijana wa madukani wanapobonyeza “ruka” ili wamalize haraka wamhudumie mwengine. Mwambie asiruke. Au mwambie akupe mwenyewe, ukae kitini, ufanye kwa utulivu wako. Simu ni yako.

Liko na hili la siku 57. Simu isipotumika kwa siku 57, nakala yake inaweza kufutwa na Google. Maharusi hili linawahusu hasa. Bwana anakuletea simu mpya pamoja na sanduku, unaiwasha kwa furaha kama simu mpya kabisa, ile ya zamani unaitia kabatini kwa mama ukisema nitahamisha vitu baada ya harusi. Baada ya harusi inakuwa baada ya fungate, baada ya fungate inakuwa baada ya Idi. Ukienda kuifungua kabati, chaji ilishakwisha zamani na nakala haipo. Wenye iPhone nao wana ya kwao ya iCloud, gigabaiti 5 za bure ambazo picha za singo peke yake zinazimaliza, kwa hiyo nakala inasimama kimya kimya na wewe hujui. Angalieni tarehe ya mwisho ya kuhifadhiwa. Imeandikwa pale pale kwenye mipangilio.

Hayo ni ya bi harusi wa kwanza, aliyepoteza. Wa pili hakupoteza kitu. Yeye vilirudi vyote, na hiyo ndiyo ikawa balaa.

Huyu ameolewa Karatu, anaishi huko, mwaka wa kwanza huu. Simu yake ilikuwa imechoka, mume akamnunulia nyingine kwa ajili ya Idi. Akaunti anaijua, neno la siri analijua, kila kitu alikifanya sawasawa. Walikuwa wamekaa ukumbini baada ya chakula, yeye, mume, wifi na mavyaa. Programu zikawa zinashuka moja moja. Kuna Msahafu wenye tafsiri aliokuwa nao miaka ya nyuma, akautafuta hakuuona, wifi akasema, “Lete nikuoneshe.” Akafungua Play Store, akabonyeza picha ya akaunti pale juu, akaingia sehemu ya kusimamia programu, akachagua zile ambazo hazimo simuni. Hapo Play Store inakuonesha kila programu uliyowahi kuiweka kwa akaunti ile, hata ile uliyoiweka dakika tano ukaitoa. Miaka yote. Wifi akawa anasoma kwa sauti akitafuta Msahafu, na katikati ya kusoma akalisoma jina la programu ya kutafutia wachumba.

Kimya kikaingia ukumbini.

Siku tatu mume hakusema na mkewe zaidi ya salamu. Dada anasema aliiweka kabla hajaposwa, mama yake akijua, akaitazama kwa siku chache, hakuipenda, akaitoa. Hana la kuthibitisha. Atathibitisha vipi? Orodha haisemi uliifungua mara ngapi, wala uliandika nini. Inataja jina tu. Na katika orodha ile ile mlikuwa na michezo ya magari ya mtoto wa dada yake, na programu ya kujifunza Kikorea ambayo mpaka leo hajui nani aliiweka. Kwa sababu simu yake ya zamani kabisa alimpa mdogo wake bila kutoa akaunti, na kila alichopakua mdogo kiliingia kwenye orodha ya dada.

Jambo lilimalizwa na mavyaa. Bibi huyu ni mzaliwa wa Karatu, hana simu ya kupangusa wala haitaki. Siku ya nne alimwita mwanawe mbele ya mkewe akamuuliza, “Hiyo kitu mnayonuniana, imo ndani ya simu au haimo?”

“Haimo, mama. Ni jina tu limebaki.”

“Basi ni jina. Hata wewe mwanangu kuna majina kabla ya huyu. Niyataje?”

Mume akacheka kwa lazima. Tukamwombea bibi huyu umri.

Hapa ndipo tulipobishana sana humu ndani, na tutasema maoni yetu bila kuzunguka. Orodha ya programu si ushahidi. Haifai kusomwa na mtu mwengine bila ruhusa ya mwenyewe, na haifai kusomwa kwa sauti ukumbini hata kwa ruhusa. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana, inakataza kupelelezana na inakataza kusengenyana, na simu imeyaweka yote matatu katika kidole kimoja. Ukiipata simu ya mke wako au mume wako imefunguka kwenye orodha ile, funga. Kama una swali, uliza kwa mdomo. Mume wa dada huyu angeuliza usiku ule ule, angejibiwa usiku ule ule, na siku tatu za ndoa changa zisingepotea bure.

Lakini hatutaki kuwabebesha wanaume lawama peke yao. Sisi wenyewe ndio mafundi wa kufungua simu za waume tukisingizia tunaweka chaji. Mnatujua.

Mmoja wetu, ambaye ameolewa miaka 22, ana maoni tofauti na ametutaka tuyaandike. Anasema mambo ya kila mtu na akaunti yake yanaleta kuta ndani ya nyumba, na kwamba mume akilijua neno la siri la mkewe na mke la mumewe, shetani anakosa pa kuingilia. Tunamheshimu, na nyumba yake ni shahidi wake. Ila tunamjibu hivi. Mahari ni ya mke, na mali ya mke ni ya mke hata akiwa ndani ya ndoa, hilo halina ubishi katika dini yetu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba linajenga ukuta. Kuwa na akaunti yako si kuficha. Ukitaka kumwambia mumeo neno la siri, mwambie, ni lako unatoa. Tofauti ni kubwa baina ya kumpa mtu ufunguo wa kasha lako na kukuta kasha lenyewe limeandikwa jina lake. Na tukubali, ingawa si maneno ya kusema harusini: wapo wanaoachwa, na wapo wanaofiwa. Yule aliyetumia akaunti ya mume kwa miaka kumi, siku akitoka kwenye nyumba ile anatoka bila namba za ndugu zake, bila picha za watoto wake, bila hesabu zake. Tumeshamwona. Alikuja kwetu na mfuko wa nguo.

Yeye yule wa miaka 22 amekubali jambo moja, na ni zuri kuliko yetu yote: neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na iwekwe pamoja na vyeti na hati, mume ajue ipo wapi. Ikitokea mauti au maradhi, inafunguliwa. Kama wasia unavyowekwa.

Kwa maharusi wa msimu huu, tunaomba makungwi na masomo waliingize hili katika mafunzo, hata kwa nusu saa, kati ya siku za singo ambapo bi harusi amekaa ndani na hana pa kwenda. Kwanza hakikisha akaunti iliyomo simuni unaijua jina lake na neno lake la siri, na namba ya kuirejeshea ni ya laini iliyosajiliwa kwa kidole chako. Laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA unaziona kwa kupiga *106#. Ukikuta akaunti ni ya fundi au ya kaka, tengeneza yako sasa, nyumbani, kwa utulivu. Usingoje uwe Karatu dukani na watu wamepanga foleni nyuma yako. Halafu kwenye mipangilio washa kuhifadhi nakala, na bonyeza ihifadhi pale pale. Usingoje usiku.

Kisha ingia kwenye ile orodha ya zisizomo simuni na uisafishe. Unaweza kuzichagua zile usizozitaka ukaziondoa kwenye orodha, Play Store inaruhusu. Kuna atakayesema huko ni kuficha. Sisi tunaona ni sawa na kupanga sanduku. Bi harusi anapofunga sanduku hachukui kila gauni alilowahi kulivaa tangu skuli. Zipo ulizoziweka ukaziacha, na mengine ulishamrudia Mola wako kwayo. Mtu akitubu halazimiki kutembea na orodha. Simu ya zamani ukiigawa, toa akaunti yako kwanza, halafu uifute.

Na zile zilizoingia kwa kurushiwa, hizo zitafute moja moja, kwa sababu hakuna wa kukurudishia. Kama ndani yake mna hesabu za watu, zitoe leo. Ziandike kwenye daftari, na mwanachama mwengine awe na daftari la pili.

Mwisho kuna karatasi. Mmoja wetu, kijana kuliko sote na mwenye simu nzuri kuliko sote, alicheka tuliposema karatasi. Lakini karatasi haina siku 57, haiulizi neno la siri, na ukiwa kwenye kibaridi cha Ngorongoro bila mtandao inasomeka. Andika majina ya programu unazozitumia kweli. Utashangaa ni chache. Pembeni ya kila moja andika unaingia kwa namba gani au barua pepe ipi. Neno la siri usiliandike hapo, hilo ni la bahasha.

Bi harusi wetu wa kwanza ametuma picha ya karatasi yake wiki iliyopita. Aliiandika Karatu, siku moja kabla ya kurudi, kwenye daftari la skuli lenye jalada la kijani alilonunua karibu na stendi. Ana programu 19. Ya kwanza ni Msahafu, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu juzuu aliyofikia na aya. Ukurasa wa pili ni kikoba, majina 16, na amepiga mistari kwa rula. Ukurasa wa tatu ameandika siku za Ramadhani anazodaiwa. Alisema ana yakini na 5, ana shaka na 2, basi amejiandikia 7.